Deni Hulipwa Siku za Giza

Mwenye duka wa Katubuka anayeijua kazi yake hutazama mbingu kabla ya kuandika deni. Kukiwa na giza, mtu wa ziwani akiomba kilo mbili za unga na robo ya sukari ataandikiwa bila maneno mengi, maana wenzake wako majini kila usiku na pesa haiko mbali. Mwezi ukikaribia kuwa mpevu, mazungumzo ya dirishani hurefuka. Mvuvi yuko nyumbani, nyavu zimetandazwa juani, na atakachokikopa leo kitasubiri mpaka giza lirudi.

Sababu yake ni ya kiufundi kabisa. Dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa: zamani karabai, siku hizi taa za betri na za sola. Taa huwavuta wadudu wadogo wa majini, dagaa huwafuata wadudu, migebuka huwafuata dagaa, na wavu huwangojea wote. Mbalamwezi ikiangaza ziwa zima, taa ya mtu haina nguvu tena. Basi kila mwezi kuna siku kadhaa ambazo mitumbwi hulala ufukweni, na siku hizo huonekana katika daftari la duka hata kama mwenye duka mwenyewe hajawahi kupanda mtumbwi.

Katubuka ni kata ya Manispaa ya Kigoma Ujiji, kati ya Kigoma ya stesheni na bandari na Ujiji ya kale. Mialo inayotajwa sana ni Kibirizi na Katonga. Katubuka haijulikani kwa samaki, na wengi wa nje huisikia pale bwawa lake linapojaa mvua zikizidi na maji kuingia majumbani. Lakini pesa ya samaki hufika. Huja na mchukuzi, na mama anayeanika dagaa, na fundi wa mashine za boti, na bodaboda aliyebeba vyote hivyo asubuhi. Watalii hupita njia kuu wakielekea Ujiji kuona mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, na hawana sababu ya kusimama mbele ya chumba cha mbele cha nyumba ya kuishi, chenye dirisha la nondo, mzani, dumu la mawese na kopo la peremende. Mimi naona wanapitwa na jambo, kwa kuwa historia ya mkoa huu imepita dirishani hapo kwa vipimo vya robo kilo.

Tuanzie huko Ujiji, kabla Katubuka haijawa mtaa. Mwanamaji Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika Ujiji mwaka 1874 akaieleza vizuri namna soko lilivyokwenda. Bei zilihesabiwa kwa shanga ziitwazo sofi, zinazofanana na vipande vya kiko kilichovunjika. Soko linapofunguka walikuwapo watu wenye mifuko iliyojaa sofi, wakiwabadilishia wanunuzi shanga zao za aina nyingine. Mnunuzi akazunguka na sofi zake, akanunua samaki, mawese, ndizi, chumvi. Soko linapofungwa, wabadilishaji walewale wakazinunua tena sofi kutoka kwa wauzaji, na wakapata faida mara mbili, asubuhi na jioni.

Nimelisoma jambo hili mara nyingi na kila mara nawaona mawakala wa simu pesa. Mtu aliyekaa na fedha ya aina moja, anayekubadilishia kwa fedha ya aina nyingine, anayekula kidogo wakati wa kuweka na kidogo wakati wa kutoa, alikuwapo ufukweni hapa miaka mia moja na thelathini na zaidi kabla ya M-Pesa kuingia Tanzania mwaka 2008.

Chumvi iliyouzwa sokoni humo ilitoka Uvinza, kwenye chemchemi za maji ya chumvi karibu na Mto Malagarasi. Wachimbaji wa mambo ya kale waliofukua pale miaka ya 1960 walionyesha kwamba watu wamekuwa wakichemsha maji hayo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Hiyo ndiyo bidhaa kongwe kuliko zote katika rafu ya Katubuka. Serikali zimebadilika, sarafu zimebadilika, na chumvi ya Uvinza bado inapimwa.

Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, kilomita 1,250 hivi kutoka Dar es Salaam, na kuanzia hapo bei ya sukari ikawa na nauli ya treni ndani yake. Wajerumani waliacha rupia na heller. Waingereza wakaleta shilingi ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1920. Wabelgiji walipewa eneo lao bandarini kwa mkataba wa 1921 ili mizigo ya Kongo ipite bila kutozwa ushuru wa Tanganyika. Meli iliyozamishwa na Wajerumani mwaka 1916 iliibuliwa, ikarejea majini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Maduka ya mjini yakashikwa na Wahindi na Waarabu. Wao walinunua jumla, wakawapa mali kauli wachuuzi waliokwenda nayo Ujiji na vijijini. Yote hayo yana vitabu vyake, sitayarudia.

Ila kuna sheria moja ya wakati wa Waingereza ambayo haisemwi sana na inanihusu hapa. Serikali ilizuia mikopo ya wafanyabiashara kwa Waafrika, ikidai inawakinga na madeni. Deni la Mwafrika kwa mfanyabiashara asiye Mwafrika halikuweza kudaiwa mahakamani mpaka liwe limeandikwa na kuidhinishwa na ofisa wa serikali. Nani angemfuata ofisa wa wilaya kwa ajili ya doti ya khanga? Mwenye duka akabaki na njia mbili: akatae kukopesha kabisa na kupoteza wateja, au akopeshe akijua kwamba hakuna hakimu atakayemsikiliza. Wengi walikopesha. Wakategemea sura ya mtu, ukoo wake, nyumba anayokaa, na aibu. Sheria iliyokusudia kuzuia mkopo wa dukani iliufundisha kuishi bila mahakama, na ndivyo unavyoishi hadi leo. Sijamsikia mtu wa Katubuka aliyepelekwa mahakamani kwa deni la mchele. Wapo, tena wengi, walioanza kupitia njia ya nyuma ya nyumba ili wasionekane dirishani.

Baada ya Uhuru mambo hayakubadilika haraka. Shilingi ya Tanzania ilitoka mwaka 1966, watu wakazoea sura mpya kwenye noti. Azimio la Arusha la Februari 1967 ndilo lililoanza kumgusa mwenye duka. Biashara ya jumla ya nje na ndani ikachukuliwa na shirika la umma, kisha kazi ikagawiwa makampuni ya biashara ya mikoa, ambayo kila mtu aliyaita RTC. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, nchi nzima, ya kufunga maduka ya watu binafsi na kuyaweka ya ushirika na ya vijiji mahali pake. Haikumaliza mwaka. Maduka mapya hayakuwa na mali wala watu waliozoea kuuza, na Mwalimu Nyerere mwenyewe akaizuia. Mwaka huohuo vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, kwa hiyo hata mkono uliotarajiwa kushika biashara ukakatwa.

Kisha vita vya Kagera, 1978 na 1979, na baada yake miaka ambayo watu wazima wa Katubuka huizungumza kwa urefu kuliko mingine yote. Ukikaa nao barazani utasikia habari za foleni kabla ya kusikia habari nyingine. Mawe yaliyopangwa usiku kushika nafasi, kila jiwe na mwenyewe, kandambili zilizoachwa pale kama wakala wa mtu. Unga wa yanga, wa mahindi ya njano ya msaada, ambao watoto waliuchukia na wakaula. Sabuni iliyokatwa vipande na kuhesabiwa kwa vichwa.

Duka la zama hizo liliitwa duka la kaya. Kila kaya iliandikishwa duka lake, na balozi wa nyumba kumi ndiye aliyejua mna watu wangapi ndani, nani amezaliwa, nani yuko Tabora shuleni na bado jina lake linaletewa sukari. Sukari ilipofika, habari ilitangulia mbele ya lori. Ukichelewa, umekosa, na pesa yako mfukoni haikusaidii kitu.

Hapo ndipo daftari lilipobadilika tabia. Kabla ya hapo kurasa zake zilikuwa za madeni: jina, kitu, kiasi, mstari wa kufuta. Katika duka la kaya daftari likawa la majina ya mgawo. Muuzaji hakuwa na sababu ya kukopesha, kwa kuwa mali haikuwa yake na wanunuzi walikuwa wengi kuliko bidhaa. Mtu mwenye pesa na asiye na pesa wakawa sawa mbele ya rafu tupu. Wapo wanaoikumbuka hali hiyo kwa heshima, wakisema angalau wakubwa na wadogo walipanga foleni moja. Mimi nadhani kumbukumbu imewafanyia hisani wakubwa. Kila mtaa ulijua nani hupata mgawo wake kwa mlango wa nyuma.

Kigoma ilikuwa na nafuu ambayo mikoa mingi haikuwa nayo. Mafuta ya kupikia hayakuhitaji meli wala RTC: michikichi ipo, mawese yapo. Kutoka kwenye kokwa za mchikichi hupatikana mafuta ya mise, na kutokana na mafuta hayo watu walipika sabuni zao wenyewe, wakati kwingineko nchini wenzao walikuwa wanafulia majani ya mpapai. Chumvi ilikuwa ya Uvinza. Kitoweo kilikuwa dagaa. Kilichokosekana kweli ni sukari, mafuta ya taa, betri za redio, vitenge na dawa. Na kwa vitu hivyo kulikuwa na mpaka: Burundi upande wa Manyovu, Zaire, yaani Kongo, ng'ambo ya maji. Nani alileta nini usiku gani ni habari ambayo mpaka leo husimuliwa bila majina, na mimi nitaiacha hivyohivyo.

Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alianzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi, na sheria maalumu ikatungwa. Nchi nzima watu walikamatwa kwa kuficha bidhaa. Wengine, kwa hofu ya msako, walitupa sabuni na vitambaa vichakani usiku kuliko kukutwa navyo. Msako ulimkuta mlanguzi na ulimkuta pia mwenye duka mdogo aliyekuwa na katoni tatu za sabuni chini ya kitanda kwa sababu hakuwa na stoo. Baada ya hapo wenye maduka wengi walijifunza kuweka rafu tupu hata walipokuwa na mali. Mteja akauliza, akajibiwa hakuna. Mteja aliyejulikana akauliza kwa sauti ya chini, akaambiwa aje baadaye.

Bajeti ya 1984 ilifungua mlango kwa wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Mwaka 1985 akaingia Rais Ali Hassan Mwinyi, na neno lililomfuata kila alikokwenda likawa ruksa. Sukari ikaonekana, mitumba ikashuka stesheni kwa marobota, redio zikapata betri. Ajabu ya kipindi hiki ni kwamba shida iligeuka upande: zamani pesa ipo na bidhaa hakuna, sasa bidhaa ipo na pesa hakuna. Mishahara haikutosha wiki mbili. Walioachishwa kazi serikalini na kwenye mashirika katika miaka ya 1990 waliyachukua mafao yao wakavunja ukuta wa chumba cha mbele, wakaweka dirisha la nondo. Mitaa iliyokuwa na duka moja ikawa na matano, na yote yakauza vitu vilevile.

Matano yakiuza vitu vilevile kwa bei ileile, mteja anachagua kwa nini? Kwa daftari. Anakwenda kwa anayemkopesha. Kwa hiyo mkopo uliokufa enzi za duka la kaya ukafufuka kwa kishindo, pamoja na vibao ukutani vya kusema leo taslimu kesho mkopo, ambavyo havikumzuia mtu yeyote. Na vipimo vikapungua. Mafuta ya kupima kwa kijiko kikubwa, sigara moja moja, nusu mche wa sabuni, dagaa kwa fungu badala ya sado. Waliosoma uchumi husema maskini hulipa zaidi kwa kununua kidogo kidogo, na hesabu yao ni sahihi. Lakini mama anayenunua mafuta ya kaanga moja halipi mafuta tu. Analipia kutokulazimika kuwa na pesa ya lita nzima leo, siku ambayo mwezi ni mpevu na mumewe yuko nyumbani.

Katikati ya hayo mpaka na ziwa vikaleta watu. Mwaka 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Warundi walivuka mpaka kwa maelfu. Mwaka 1996 vita vya Kongo vikawaleta wengine kwa maboti, na kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ikafunguliwa. Rafu za mkoa mzima zilibadilika. Makopo ya mafuta ya msaada, mahindi na mbaazi za njano za mgawo zilitoka kambini zikaingia madukani, kwa kuwa mkimbizi naye alihitaji chumvi, sabuni, sigara na pesa ya daktari, na mgawo ndio aliokuwa nao wa kuuza. Makopo matupu yakawa vipimo, mengine yakawa milango. Kwa mwenye duka, swali gumu lilikuwa la daftari: unamwandikiaje mtu ambaye huijui nyumba yake, wala hujui kama kesho atakuwepo? Hapo ndipo dhamana ilipoanza kudaiwa, kitenge au saa. Wenyeji hawakuwahi kudaiwa dhamana, na wageni waliliona hilo.

Miaka ya karibuni nitaipitia mbio. Simu zikaingia, kisha vocha za kukwangua, kisha simu pesa, na dirisha la nondo likapakwa rangi za makampuni. Pombe za viroba zilipigwa marufuku Machi 2017, mifuko ya plastiki Juni 2019, na kila marufuku iliacha mzigo ambao mwenye duka alikwisha kuulipia. Umeme ulikuwa wa jenereta za dizeli mpaka mkoa ulipoanza kuunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2022. Friji, ambayo wengi walikuwa wakiitumia kama kabati, ikaanza kugandisha.

Mwaka 2024 ukaja mtihani ambao daftari halikuwahi kuupata. Serikali, kwa makubaliano na Burundi, Kongo na Zambia, ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika tangu 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Sina ugomvi na hoja hiyo. Samaki wamepungua, maji ya ziwa yamekuwa yakipata joto na rutuba ya vilindini haipandi juu kama zamani, na kila mvuvi mzima anaweza kukueleza tofauti kwa kukuonyesha urefu wa mgebuka kwa mkono wake. Lakini hesabu ya mtaa ni hii: giza la Juni likapita, la Julai likapita, la mwanzo wa Agosti likapita, na ziwani hakukuwa na taa. Giza tatu bila siku ya kulipa. Katika mipango yote ya kufunga ziwa, walizungumzwa wavuvi, wachakataji na wenye boti. Yule ambaye angewalisha wote hao kwa miezi mitatu kwa kalamu ya wino hakuwa na kundi la kuzungumziwa.

Wengi wakageukia mikopo ya simu, na hapo ndipo walipoelewa tofauti ya wakopeshaji wawili, simu na duka. Mikopo hiyo si mipya. M-Pawa ilianza mwaka 2014, na nyingine zimefuata. Haiulizi ukoo wala haikuaibishi dirishani, na kwa mtu anayepitia njia ya nyuma hilo si jambo dogo. Muda wake wa kawaida ni siku 30. Mwezi wa angani huzunguka kwa siku 29 na nusu. Sasa fuatana nami: mvuvi hukopa siku ambazo hana kitu, yaani siku za mbalamwezi. Siku 30 zikitimia, mbalamwezi imerudi, naye hana kitu tena. Zile siku za katikati, siku za giza ambazo pesa ilipita mkononi mwake, simu haikumdai, na pesa hiyo ilikwenda ada ya shule na bati. Mwenye duka yeye alikuwa amemdai hasa siku hizo, na saa za asubuhi, kabla hajafika sokoni Mwanga.

Basi siku ya mwisho ya mkopo inapofika, mvuvi huja dirishani. Safari hii hataki unga. Anataka pesa taslimu ya kuweka kwenye simu kabla ya saa sita usiku. Mwenye duka analalamika, anauliza habari za ndugu yake wa Ujiji, anatazama juu, kisha anafungua ukurasa. Anaandika jina na kiasi, pesa itarudi giza likiingia. Halafu anaishika simu yake ya uwakala, anamwekea, anapata kamisheni yake ndogo, na kampuni huko Dar es Salaam inaweka kumbukumbu kwamba mteja huyu hulipa kwa wakati na mwezi ujao anastahili kukopeshwa zaidi.